Supachaja ya Mingoyo

Miaka ya ruksa ilileta mambo Lindi. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya sabuni jana, leo walikuwa wanauziwa chochote wanachotaka, mradi wana pesa. Na Tawakali, mnunuzi wa korosho ambaye mfuko wake ulinenepa upesi kuliko akili yake, alitaka gari la mbio. Akaagiza moja la Kijapani, dogo, jekundu, tumbo karibu na ardhi, lenye supachaja. Hiyo ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, kazi yake kuisukumia injini upepo mwingi kupita kawaida, ili petroli iungue kwa hasira. Raha yake ni kubwa. Ila injini isiyoandaliwa ikisukumiwa hivyo, pistoni huyeyuka.

Ya Tawakali iliyeyuka. Walikuwa kwenye mashindano Dar es Salaam, injini ikakwama ghafla kwenye kona, magurudumu yakagoma, gari likabiringika mara kadhaa. Dereva wake, Hasani, akabaki wa kutembelea magongo. Gari lenyewe lilirudishwa Lindi juu ya lori la magunia na kushushwa njia panda ya Mingoyo, kwenye gereji ya fundi Ambrosi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Tawakali. Hiki ndicho kilichomvunja mtoto wa watu?"

"Ndiyo maana nimekuletea wewe. Nitengenezee injini itakayomaliza mbio zote. Kuna mashindano hapa hapa Lindi, kwenye kile kiwanja cha ndege cha zamani, kule shamba la mkonge. Dereva nimeshapata. Sipriani wako."

Sipriani alikuwa mtoto wa pekee wa Ambrosi, kijana aliyekwisha kuwa mtu mzima, na alikuwa amekwisha kukubali bila kumwuliza mtu.

Ambrosi alikwenda nyumbani akasema hatalishika gari lile. Mkewe, Justa, alikuwa anapepeta mchele wala hakuinua uso. "Ukikataa wewe, litatengenezwa na mwingine," alisema. "Na mwanao ataliendesha vilevile. Bora nani?"

Kwa hiyo akaanza kazi, na chakula kikaanza kumshinda.

Ambrosi alikuwa Mmakonde aliyeteremka kutoka Newala akiwa kijana. Miaka yote alitengeneza malori ya ushirika, mpaka ushirika ulipoyumba na mafundi wakaambiwa waende nyumbani. Malori aliyajua. Lori likifa, linafia njiani, dereva anashuka na kuvuta sigara. Gari hili lilikuwa jambo jingine, na kila alipokaza nati aliona magongo ya Hasani. Silinda zilipelekwa kuchongwa Mtwara, akazipima upya alipozipokea, akazipima tena kesho yake kana kwamba chuma hubadili mawazo. Alifunga pistoni ngumu alizoagiza Tawakali, beringi mpya, na gasketi mpya ya kuzuia maji na oili visichanganyike. Kwenye supachaja aliweka puli ya mkanda kubwa kuliko ya mwanzo, ili pampu izunguke polepole na upepo usizidi.

"Mzee, unalipunguza gari nguvu!" Tawakali alilalamika.

"Nalipunguza ujinga," alijibu Ambrosi. "Nguvu zimebaki."

Kisha akafanya kile ambacho kila fundi wa kusini alikifanya. Alichomoa themostati, kile kidude kinachoyafungia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, akakitupa. Malori yote aliyowahi kuyatengeneza hayakuwa nayo. Siku themostati ikikwama, injini inachemka porini, na nyingine huipati mpaka Dar. Mkono wake ulifanya hivyo wenyewe, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Alilijaribu gari mpaka Lindi mjini na kurudi, taratibu, kwa mwendo wa lori. Injini ilikaa baridi. Akafurahi kidogo, na hiyo ndiyo furaha pekee aliyoipata mwezi ule.

Siku ya mashindano watu walijaa pembeni mwa kiwanja. Sipriani alitoka kuzunguka mara chache kwa majaribio, kwa kasi hasa, na aliporudi mvuke ulikuwa unatoka chini ya boneti. Ambrosi alifungua, akaweka kiganja kwenye rejeta. Ilikuwa vuguvugu tu. Injini inatokota, na rejeta haina habari!

Hapo akaelewa. Kwenye injini ile themostati ilikuwa na kazi ya pili. Ikifunguka, huziba njia ndogo ya pembeni, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Yeye aliitupa, njia ikabaki wazi, na maji yalikuwa yanapita njia ya mkato na kurudi kwenye injini yakiwa ya moto. Kwa mwendo wa lori haikuonekana.

Themostati nyingine isingepatikana. Alichukua kipande cha mpingo alichokitumia kugongea beringi, akakichonga kwa kisu mpaka kikawa kizibo, akakisukumiza ndani ya mpira wa njia ile na kuufunga kwa nguvu. Mikono yake, ya Mmakonde, ilijua kuchonga. Lakini je, mpingo utavumilia? Na gasketi, imesalimika au imeungua? Hakujua, na hapakuwa na muda wa kujua.

"Mwanangu, nimekosea," alimwambia Sipriani. Akamweleza yote, Tawakali akisikiliza na kusonya.

"Sasa niendeshe, au nisiendeshe?"

Ambrosi alifungua mlango wa pili, akaingia, akajifunga mkanda. Sheria ziliruhusu mtu wa pili, na hakuna aliyesema lazima awe kijana.

Bendera ikashuka. Gari liliruka kwa namna ambayo Ambrosi hakuwahi kuiona maishani mwake. Hakutazama njia. Alitazama geji ya joto peke yake, na walipoikaribia kona ya kwanza aliuona mshale unapanda.

"Punguza!"

Sipriani akapunguza. Gari moja likawapita. Njia iliponyooka alikanyaga tena, supachaja ikalia, wakalikaribia lile gari kabisa, na Ambrosi akauona mshale unapanda tena. "Punguza, Sipri! Punguza!" Akapunguza. Mzunguko baada ya mzunguko ikawa hivyo. Walimaliza wakiwa nyuma, wamemtangulia mtu mmoja tu, ambaye tairi lake lilikuwa limepasuka.

Tawakali aliondoka bila kuaga. Ambrosi alifungua boneti. Kizibo kilikuwa mahali pake, maji hayakuvuja hata tone, oili ilikuwa safi. Injini ilinguruma pale ikiwa haina hata uchovu.

"Gasketi itakuwa imeungua kidogo," alisema. "Mshale ulikuwa unapanda."

"Haukupanda, baba. Nilikuwa nauona. Ulikaa katikati tangu mwanzo mpaka mwisho."

Ambrosi alimkodolea macho. "Sasa ulikuwa unapunguza ya nini?"

Sipriani alivua helmeti, akajifuta jasho kwa mkono.

"Ulikuwa unatetemeka, baba."