Sahani ya Chapati kwa Anko Oleg

Juzi gari liliingia gereji yangu, kubwa kuliko zote hapa Bladensburg, Marekani, niliyoijenga bila cheti cha shule, redio ya gari ikipiga rap ya Kirusi. Papo hapo nikakumbuka harufu ya kabichi nyumbani kwa jirani yetu wa zamani, Oleg.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, Mama alinituma nimpelekee chapati. Oleg akaweka kwenye redio kaseti ya kundi lake la rap la ujanani. Hawakudumu, nchi yao ya Kisovieti ilivunjika, nao wakatawanyika. Akasimama akafoka pamoja nayo, binti yake mdogo akimpigia makofi.

Nilidhani rap ni yetu sisi weusi tu. Nikacheka hadi nikakaa sakafuni. "Anko, hii si yenu!"

Binti akaacha makofi. "Baba, basi."

Oleg akazima redio. Akanirudishia sahani imejaa peremende, maana Mama alimzoesha kwamba sahani hairudi tupu.

"Umemshukuru anko wako?" Mama akauliza nilipofika nyumbani.

"Ndiyo," nikasema, peremende mdomoni.