Mavyaa na Njia ya Pumwani

Mavyaa yangu, mama aliyemzaa mume wangu, hakuwa mtu wa kuelekezwa njia. Kwetu Bodo, kijijini pwani, alizijua zote, hata zile za kupitia mikokoni. Kwa hiyo mume wangu alipopata kazi ya kupaka rangi majengo Nairobi, nasi tukapanda gari moshi kwenda kumtazama, mavyaa alishuka stesheni kama mtu aliyekuja kuukagua mji.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Bendera za karatasi zilikuwa zingali zimening'inia madukani, zimeanza kupauka.

Asubuhi ya pili mume wangu alituusia tusitoke nje mpaka arudi kutoka kazini. Alipokunja kona tu, mavyaa alikuwa ameshavaa buibui.

"Twaenda Pumwani," alisema. "Binamu yangu akaa huko. Silali tena mji huu bila kumjulia hali."

"Mama, njia twaijua?"

"Mdomo tunao."

Na mdomo ndio uliotuchelewesha. Kwetu humpiti mtu kimya, na mavyaa hakuona sababu ya kuiacha adabu yake nyumbani. Watu wa Nairobi walipita mbio kama waliokimbia mvua, naye alisimama mbele ya kila mmoja akauliza habari za asubuhi, kisha akangoja jawabu. Alimsalimu hata askari aliyekuwa katikati ya njia panda akiongoza magari. Askari yule, maskini, alikuwa amelelewa vizuri. Alishusha mkono akasema, "Shikamoo, mama," na magari ya pande zote yakaja kwa pamoja. Honi zikalia. Mavyaa akawapungia madereva mkono mmoja mmoja.

"Pana msiba mji huu?" aliniuliza tulipovuka. "Mbona ni yule peke yake aliyeitikia?"

Nikamwomba tumwulize njia muuza magazeti. Yule bwana alitutazama mabuibui yetu kwa huruma.

"Pwani?"

"Pumwani, ee," alisema mavyaa.

"Nyoosheni na barabara hii mpaka mwisho."

Tukanyoosha mpaka mwisho, tukajikuta stesheni. Karani wa dirishani alitukaribisha kwa upole.

"Gari la Mombasa linaondoka jioni. Mnataka daraja la ngapi?"

Mavyaa alinigeukia polepole. "Tumekuja jana tu, mwanangu. Tumewakosea nini hata waturudishe?"

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, na yeye hakucheka. Akaamua kwamba kuuliza kumetosha. Nje alimwona mzee wa kanzu na kofia ya vito iliyodariziwa, anakwenda kwa hatua za uhakika.

"Yule ni mwenzetu," alisema. "Kwa vyovyote aenda Pumwani. Tumfuate."

Tulimfuata barabara baada ya barabara, mpaka akasimama akageuka.

"Kina mama, asalaam aleikum. Mwanifuata mimi?"

"Wa aleikum salaam. Twakufuata utufikishe Pumwani."

Mzee akavua kofia, akajikuna kichwa. "Mimi natoka Vanga, nimeingia juzi. Hiyo Pumwani naitafuta mimi pia. Namfuata yule mwenye kikapu."

"Wamjua?"

"Simjui. Lakini aenda kama mtu ajuaye aendako."

Mavyaa aliipima hoja ile, akaona ina maana. Tukamfuata mwenye kikapu, sasa tu watatu. Alipopanda basi, tulipanda. Alipomwambia kondakta, "Pumwani," mzee wa Vanga alisema, "Alhamdulillahi," kwa sauti hata basi zima likatutazama.

Binamu alitupokea kwa machozi na sinia la wali. Alipouliza tumefikaje, mavyaa alimjibu kwamba njia ni nyepesi, mtu hapotei.

Mume wangu alitokea jua likikaribia kutua, shati limelowa jasho. Alikuwa ametutafuta sokoni na msikitini, kisha akamkumbuka binamu ya mamake, akaanza kuitafuta Pumwani, mahali ambapo hakuwahi kufika. Watu walikuwa wamempeleka huku na huku mpaka miguu ikavimba. Nilidhani atatugombeza. Mamake hakumpa nafasi.

"Miezi yote hii wakaa hapa," alimwambia, akimsogezea sahani, "na hata hujaja kumwamkia mama yako mdogo?"

Mume wangu alinitazama, nami nikautazama wali. Akakaa chini, akamwamkia mama yake mdogo, akala. Tulipotoka kurudi, mavyaa alitangulia mbele, na mwanawe hakuthubutu kumwambia kwamba kituo cha basi kiko upande wa pili.