Waliokuja Kuuliza Kuhusu Njaa

Mdogo wangu ni mtakwimu. Neno hilo nilijifunza kulitamka nikiwa mtu mzima, na hata leo majirani wa hapa Kibomet, pembeni mwa Kitale, wakiniuliza anafanya kazi gani, huwa nawaambia tu kwamba anahesabu watu, maana nikisema mtakwimu wananiangalia kama niliyetukana. Lakini kazi yake si kuhesabu. Kazi yake ni kujua watu wa huku kwetu, kutoka Endebess mpaka Bungoma, wanakula nini na wanakosa nini, bila kumwuliza kila mmoja. Huchagua nyumba kwa kura. Kura ikishaangukia nyumba, hakuna kubadilisha. Iwe juu mlimani, iwe ng'ambo ya mto uliofurika, vijana anaowatuma lazima wafike, na wasipomkuta mwenyewe warudi siku nyingine. Hawana ruhusa ya kuingia kwa jirani eti kwa sababu jirani yuko karibu na barabara na amewakaribisha chai.

Siku moja nilimwuliza kwa nini anawatesa watoto wa watu hivyo. Akacheka. "Dada, wenye shida hawakai kando ya lami," akasema.

Nilimlea mimi. Wazazi wetu walifariki tukiwa Webuye, mama akimfuata baba kabla hatujazoea kuona kitanda cha baba kikiwa kitupu. Nilikuwa darasa la saba. Nikasikia Kitale kuna kazi za mahindi, nikawachukua wadogo zangu wawili tukaja. Nimepalilia mashamba ya watu, nimevuna, nimepukuchua kwa mikono mpaka ngozi ya vidole ikawa laini na nyembamba kama karatasi. Mmoja akaolewa mbali. Mwingine akasoma, akasoma tena, akawa huyu ninayemsimulia, na sasa anaishi Bungoma na mke wake. Binti zangu wawili anawalipia yeye karo. Kuhusu chakula nilimwambia mapema kwamba hilo aniachie, na akaniachia.

Kila Jumapili alikuwa akipiga simu. Mko sawa, dada? Tuko sawa. Watoto? Wako sawa. Kisha tunaongea habari za mvua.

Mwaka huu, palizi ilipoisha, kazi nayo iliisha. Kila mwaka huwa hivyo, mahindi yakiwa yamesimama shambani mabichi na ghala halina kitu, lakini zamani nilikuwa napata kupukuchulia mtu akiba yake, au kumfulia. Sasa kuna mashine ya kupukuchua inayokokotwa kwa trekta, na wanawake wa kufua tumekuwa wengi kuliko nguo. Nikaanza kupika mara moja kwa siku, jioni, kidogo. Wasichana wakila, mimi nasema nilikula kazini. Kazi yenyewe haikuwepo.

Basi katika kipindi hicho ndipo mdogo wangu aliponipigia simu siku ambayo haikuwa Jumapili. Alikuwa anafundisha kikundi kipya cha vijana kabla ya kuwatuma vijijini, na alitaka wafanye mazoezi kwenye nyumba za watu halisi. Akauliza kama wawili wanaweza kuja kwangu. Hawangejua kwamba mimi ni dada yake. Yeye mwenyewe asingekuja, kwa sababu mtu akiulizwa mbele ya ndugu yake anamjibu ndugu, hajibu swali. Nikasema waje tu.

Aliponiambia watauliza kuhusu chakula, sikushtuka. Nilichofikiria ni kwamba wageni wa mdogo wangu wanakuja nyumbani kwangu, na mgeni kwetu haulizwi kama amekula. Anapikiwa. Nilikuwa na kuku mmoja, mtetea, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutaga. Nikamchinja.

Jirani yangu aliniona nikinyonyoa manyoya akasimama kwenye ua.

"Leo kuna posa?"

"Ni wageni."

"Wageni gani hao, bana, wanachinjiwa kuku wa kutaga? Si ungewapea uji?"

Nikamwambia ashughulike na ua wake. Akaenda akicheka, kisha akarudi na unga kwenye bakuli, akauweka mlangoni, akaenda zake. Hata hilo liliniuma. Nilidhani hakuna aliyejua.

Wakaja kijana mmoja na msichana mmoja, viatu vimejaa tope. Kijana alikuwa mchangamfu, akaniita mama, akasifu nyumba. Msichana alikuwa mkimya, anaangalia. Walijaribu kukataa chakula, naona walikuwa wameambiwa wasile, lakini ugali ulikuwa umeshakuja mezani na mimi nimesimama na maji ya kunawa. Wangefanya nini? Wakala. Wakiwa wanakula, wasichana wangu walitoka shule. Nikawapa vipande vilivyobaki. Yule mdogo wao, ambaye hajui kunong'ona, akainua uso akaniuliza, "Mama, leo unakula na sisi?"

Nikamwambia akale nje.

Baadaye msichana yule akafungua simu yake kubwa, akaanza kuuliza. Hakuuliza kama tuna njaa. Aliuliza jana jioni niliwasha moto saa ngapi, nikapika nini, nikampakulia nani kwanza, na wa mwisho alikuwa nani. Nikajibu bila kusita. Nilisema tulipika ugali na mboga ya sukuma wiki, na maziwa pia. Maziwa yale sijui yalitoka wapi kichwani mwangu. Akauliza kama kwenye wiki za karibuni kuna siku mtu mzima wa nyumba hii alilala bila kula. Kijana alikuwa bado anachokoa meno. Nikasema hakuna.

Akaandika nilivyosema, akanishukuru, wakaondoka. Nilijisikia vizuri sana. Nilijiona nimemwakilisha mdogo wangu kama mtu anayetoka kwa watu.

Mafunzo yao yalipofika mwisho, mdogo wangu akaniita Bungoma. Alitaka nije siku ya kuyafunga, nile nao chakula cha mchana, na alisema angenitambulisha rasmi kuwa dada yake, vijana wacheke kidogo. Nikavaa gauni langu la kanisani. Nilifika mapema kuliko alivyosema. Mlinzi akanionyesha ukumbi, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikakaa kwenye kiti cha plastiki cha mwisho kabisa. Mdogo wangu alikuwa mbele, ananipa mgongo, anaandika ubaoni.

Alikuwa akiwauliza, kati ya nyumba walizofanyia mazoezi, ni ipi ambayo majibu yake hawayaamini, na kwa nini. Kijana mmoja akataja nyumba ya mwalimu mstaafu aliyejibu kwa niaba ya mke wake. Wakacheka. Mdogo wangu akasema hilo ni kosa la muulizaji, angemwomba mzee maji ya kunywa apate kuondoka kidogo. Wakacheka tena. Nikacheka nami huko nyuma. Nilimwonea fahari.

Kisha akasimama yule msichana mkimya.

Akasema nyumba ya Kibomet. Akasema mama wa nyumba ile aliwachinjia kuku, na wao wakala, na hilo lilikuwa kosa lao, kwa sababu waliingia kuuliza habari za njaa wakaanza kwa kula chakula cha pale. Mama akasema jana yake walipika ugali, mboga na maziwa. Lakini yeye alipoenda kunawa baada ya kula aliona jiko liko nje chini ya paa linalovuja, na jivu lililokuwa kando yake lilikuwa kidogo tu, si la nyumba inayopika kila mlo. Hakukuwa na sufuria ya maziwa wala kikombe chenye harufu ya maziwa. "Na kuna mtoto," akasema, "aliuliza mama yake kama leo anakula nao. Mtoto hawezi kuuliza hivyo kama mama hula kila siku."

Kijana aliyekuja naye akaguna, "Mimi hiyo sikuskia."

"Ulikuwa na paja mdomoni," akamjibu, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Msichana alikuwa bado anatabasamu alipogeuka kuketi, akaniona. Tabasamu likamtoka. Wale waliokuwa karibu naye wakageuka kuangalia alichokiona, na wengine wakafuata, na mwishowe mdogo wangu naye akageuka, na chaki mkononi.

Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa nyuma yangu tu. Kama ningetoka, angemaliza kipindi, angenifuata, ningemwambia watoto wa siku hizi wanajifanya wajuzi, na angeniamini au angejifanya kuniamini, na Jumapili tungeongea habari za mvua. Nilimwona akingoja niseme kitu kama hicho. Uso wake ulikuwa unaniomba.

Nilisimama. Nikamwambia msichana, "Usiketi, mwanangu. Umesema kweli. Maziwa hayakuwepo."

Mdogo wangu aliweka chaki chini akawaambia wapumzike, ingawa saa ya mapumziko ilikuwa bado.

Tulisimama nje kando ya tangi la maji. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu, na aibu niliyokuwa nayo haikuwa ya kudanganya. Ilikuwa aibu ya kukutwa sina. Mtu niliyemnunulia kalamu ya kwanza sasa alijua kwamba sufuria yangu ni tupu, na alikuwa amejulishwa mbele ya watu, na msichana aliyekula kuku wangu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu palizi iishe."

"Na hukuniambia."

"Ungesema nini kwa mke wako? Karo unalipa wewe."

Akajifuta uso kwa mkono wenye chaki, ukabaki na weupe shavuni. Akasema lile swali la moto na la nani alipakuliwa mwisho hakulitoa kitabuni. Alilipata kwangu. Tulipokuwa wadogo, nilikuwa nawapakulia, kisha nachukua sahani yangu, naifunika kwa nyingine, naenda kula nyuma ya nyumba, nikisema nataka upepo. Siku moja alinifuata. Nilikuwa nimekaa na sahani iliyofunikwa magotini, na nilipoifunua haikuwa na kitu, nikaifunika tena, nikangoja muda wa mtu kula upite.

Sikujua kwamba aliona. Niliishi miaka yote hiyo nikiamini kwamba hicho kitu kimoja nilikifanya vizuri.

"Nilirudi ndani nikamaliza chakula changu," akasema. "Nilikuwa na njaa, dada. Nilikimaliza."

Nikamwambia alikuwa mtoto. Akatikisa kichwa. Akasema amewafundisha vijana kwamba mtu hawezi kuulizwa "mko sawa?" kwa sababu hiyo ni salamu, haina jibu ila moja. Amewakatia watu mshahara kwa kuuliza hivyo. Halafu Jumapili anachukua simu.

Tulikuwa watu wawili wazima tumesimama kwenye jua, kila mmoja akimwonea mwenzake aibu, na hakuna aliyekuwa na swali.

Ndani wakaanza kupakua chakula. Nilisikia sahani. Nikasema nirudi Kitale, wasichana watatoka shule. Akasema wasichana wana funguo. Akatangulia, nami nikamfuata, kwa sababu kukataa kungekuwa uongo mwingine.

Kulikuwa na wali, nyama na kabeji. Vijana waliniachia nafasi kwenye mstari, wote kwa pamoja, kama msibani, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Nikapakua. Mkono ulitaka kuchukua kidogo, kama unavyochukua siku zote mbele ya watu, nikaulazimisha urudi kwenye sufuria. Nikakaa katikati ya ukumbi, si nyuma. Msichana yule akaja akakaa karibu nami na hakuthubutu kuniangalia. Nilijua kila mtu anaiona mikono yangu. Chakula hakikuwa na ladha yoyote niliyoitambua, nilikuwa nameza na kumeza, macho yakinichoma, lakini sikuacha. Mdogo wangu akapita na sufuria ya nyama, akaniongezea bila kuuliza, nami sikufunika sahani kwa mkono.