Kilembwe wa Shangazi

Shangazi yangu ni mkulima wa miwa, na kwa kubatiza vitu majina hana mpinzani. Miwa iliyopandwa mara ya kwanza anaiita mama. Ikikatwa, inayochipua kwenye shina lilelile ni mtoto. Ukikata tena, mjukuu, halafu kitukuu. Shamba lake la nyuma ya nyumba lilishafika kilembwe, na kilembwe huyo alitia huruma. Toroli lililokuwa likijaa mara kumi kwa mstari sasa lilijaa mara nne, tena kwa kubembeleza.

Bwana shamba akaja, akapapasa majani, akasema huenda ni ugonjwa. Ikiwa ni ugonjwa, yote ing'olewe ichomwe, na mbegu isichukuliwe hata kipande. Ikiwa ni uchovu tu, basi udongo ulimwe maharage kwanza, kisha apande upya kwa vipande vya miwa hiyohiyo. Shangazi akasema hang'oi kitu mpaka majani yapimwe maabara. Mbegu ile alipewa na marehemu bibi siku aliyoolewa, na duniani haikubaki kwingine.

Mimi ndiye niliyefunga majani kwenye bahasha za maabara: yetu, na ya miwa mipya ya jirani, ambayo kwa shangazi ni mama, ili walinganishe. Shangazi anataja jina na miezi tangu kupandwa au kukatwa, mimi naandika juu ya bahasha, wala sikufikiri mara mbili. Mama, miezi kumi. Kilembwe, miezi kumi na moja. Penye tatizo akaniambia niandike amekonda, hakui, hana nguvu.

Siku ya tatu simu ikalia. Dada wa mapokezi ya maabara, ambaye hata bahasha hajafungua, aliuliza kwa upole mwingi kwa nini mtoto hatujampeleka hospitali. Kisha akaongeza kwamba tumekosea, mama mtu hawezi kuwa mdogo kuliko kilembwe wake.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akaichukua simu.

"Mwangalieni vizuri, mwanangu," akasema. "Huyo ndiye niliyebaki naye."

Baada ya wiki mbili mtaalamu akaja mwenyewe na karatasi. Akaeleza kwamba mmea hutengeneza protini za kila namna, nyingine za kukua, nyingine za kujilinda. Za kilembwe za kujilinda zilikuwa zimejaa tele, za kukua zimepungua, kwa kuwa mizizi yake imekaa kwenye udongo uleule miaka na inapambana kutwa kucha. Shangazi akamkatiza, aseme neno moja tu.

"Si mgonjwa, mama. Amechoka."

Nilimwona shangazi, mtu mzima na magoti yake mabovu, akizunguka ua mzima akipiga vigelegele. Mtaalamu wa watu akabaki ameshika karatasi.

Kona moja ikaachwa isimame kwa ajili ya mbegu, kwingine kote tukalima maharage. Tulipoyavuna, shangazi akakata vipande vya macho matatu matatu, akavilaza mferejini, akafukia kwa mguu. Kisha akaniita nije na daftari.

"Futa kilembwe. Andika mama."

Nikauliza umri.

"Siku moja," akasema, akijipangusa udongo mikononi. "Na penye mzazi, andika jina la bibi yako."