Nyumba Hii Tayari Ina Mkulima

Mimi ni mwanamume wa kukaa ndani. Sijui niliumbwa hivyo au ni baridi ya Lushoto iliyonifundisha, lakini nikishapata kikombe cha chai na kigoda karibu na jiko, dunia inaweza kuendelea bila mimi. Mama hunitambulisha kwa wageni hivi: "Huyu ni wa mwisho, mwali wangu. Dada zake niliwatoa ndani zamani." Wageni hucheka, nami hucheka nao, maana ukibishana na mama mbele ya wageni unashindwa mara mbili.

Ndiyo sababu kikundi chetu cha wakulima wa mboga kilipotafuta mtu wa kuzungumza na watu wa ng'ambo, kilikuja moja kwa moja nyumbani. Walijua nitakuwepo.

Mnunuzi wetu wa Dar es Salaam, anayepeleka mboga mahotelini, alikuwa amechoka kupigiwa simu na watu wa milimani, kila mmoja na karoti zake. Akataka programu ya simu: mkulima aandike humo ana nini shambani na atavuna lini, gari lije siku hiyo. Kazi ya kuitengeneza hakuwapa vijana wa Dar. Aliitafutia timu nchi nyingine kabisa, huko mbali, kwa sababu ni nafuu na, alivyosema yeye, hawachoki. Wao watengeneze, yeye alipe, sisi tutumie. Katikati pakahitajika mtu wa kufasiri. Mimi nilimaliza kidato cha nne, na alama yangu ya Kiingereza mama huitaja kwa sauti ya chini kama anavyotaja ugonjwa. Lakini kikundini hakuna aliyeomba cheti.

"Wewe unashinda na simu," mwenyekiti akaniambia. "Bora basi hiyo simu izae kitu."

Kabla sijaendelea, lazima niseme habari ya njegere za mama. Tuko juu ya mji, njia ya Magamba, na mama ana kipande chake cha mteremko chini ya nyumba. Baba alipokuwa hai, njegere zilipandwa na mama, zikapaliliwa na mama, zikavunwa na mama, na karani wa kikundi alipopima mzigo aliita jina la baba. Hakuna aliyeona ajabu. Baba mwenyewe hakuona. Alipofariki, mama alikaa eda, akaimaliza, akajitanda mtandio akaenda mkutanoni kuomba aandikwe yeye.

Mwenyekiti alikuwa rafiki wa baba. "Shemeji," akamwambia, "si una kijana? Tumwandike yeye."

"Huyo mwandikeni siku mtakapoanza kuuza usingizi."

Wakamwandika mama. Tangu hapo, karani akiita jina lake mbele za watu, mama haitiki haraka. Hujifanya anafunga kiroba, anangoja aitwe mara ya pili.

Haya. Mkuu wa timu ya ng'ambo alikuwa dada mmoja mpole sana, mwenye visikilizio vikubwa masikioni. Aliniandikia karibu kila siku. Siku moja akanitumia sentensi nyingi za Kiingereza niziweke kwa Kiswahili, sentensi zisizo na kichwa wala miguu, kila moja imesimama peke yake kama mtu aliyeachwa na gari. Sikujua itatokea wapi hata moja. Nilizitafsiri nikiwa nimejifunika blanketi, na nyingine nilizisoma kwa sauti nikajipongeza. Kisha akaniomba nijaribu programu yenyewe, ila niweke mambo ya kweli, si ya kubuni. Nikagusa ramani mahali ilipo nyumba yetu. Ikaniuliza jina, nikaandika langu, maana simu ni yangu. Ikaniuliza zao; nikatazama dirishani, nikaandika njegere. Nikatuma, nikaenda kumimina chai. Walisema ni majaribio. Mimi nikiambiwa majaribio naelewa majaribio.

Ulipofika wakati wa kuwaandikisha wanachama, mama alikuwa na simu janja yake mwenyewe, kaletewa na dada yangu wa Tanga. Alioga, akavaa vizuri, akaja kukaa karibu yangu kama anayepigwa picha. Nikagusa nyumba yetu kwenye ramani. Simu ikaandika: *Nyumba hii tayari ina mkulima.*

Sentensi hiyo niliijua. Niliitafsiri mwenyewe.

"Inasemaje?" mama akauliza.

"Inasema... nyumba hii ina mkulima."

"Si ndiye mimi?"

"Si wewe, mama. Ni mimi."

Mama alinitazama kuanzia soksi. Nilikuwa nimevaa jozi mbili. "Mkulima," akasema.

Nilijaribu kujifuta. Simu ikakataa: *Huwezi kumfuta mkulima mwenye mazao shambani.* Nayo niliitafsiri mwenyewe, na sarufi yake haina kasoro. Nikamwandikia yule dada. Akajibu kwa upole wake kwamba amenielewa kabisa, hakuna tatizo, ila mambo kama hayo yaletwe kwenye kikao cha maonyesho, ambapo wataonyesha kazi nzima na wakulima watatoa maoni. Baada ya maoni, watarekebisha.

Nikampelekea mama habari hiyo kama aliyebeba zawadi. "Nitasema mwenyewe," akasema. "Wewe utafasiri tu. Usinipunguzie."

Kikao kilifanyika kwenye darasa la madrasa, kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Tuliweka kompyuta juu ya dawati, wazee mbele, akina mama nyuma yao, na mama yangu akachagua kiti cha pembeni ili kusimama kusiwe na usumbufu. Wakatokea kiooni: yule dada na wenzake wawili, vijana watupu. Dada akatupungia mkono, akasema kwa Kiingereza hamjambo nyote, tuanze.

Darasa likangoja shikamoo. Mzee mmoja wa mbele akageuka kwangu. "Hawa watoto hawaamkii?"

Nilifanya nini? Nikasema, "Wamesema shikamooni."

"Marahabaaa!" darasa zima likaitika, mpaka kompyuta ikatetemeka. Dada wa ng'ambo akafurahi sana. Akauliza wamesema nini. Nikamjibu wamefurahi kuwaona. Mmoja wa wenzake akaandika.

Walituonyesha ramani, vitufe, rangi ya kijani ya zao lililokomaa na rangi ya njano ya linalongoja. Kwa kweli ilikuwa kazi nzuri. Watu waliona mapaa yao wenyewe kutoka juu, wakaanza kugombana taratibu kuhusu mpaka. Kisha dada akasema sasa wanaomba maoni, wasifichwe kitu. Mwenyekiti akasimama, akasema ni nzuri sana, Mungu awazidishie. Mzee wa mbele akasema vivyo hivyo, kwa urefu zaidi. Mama akasimama.

Kwetu huwezi kumtupia mgeni lawama kama unamtupia kuku mahindi. Unamjulia hali kwanza. Unamshukuru, unamuulizia wa kwao, unasifu alichokuja nacho, na jambo lenyewe linakuja mwisho, dogo, limefungwa vizuri. Kila mtu mle darasani alijua mama ana jambo. Walijua hivyo kwa jinsi alivyoanza kwa upole.

Akawasalimia. Akauliza habari za mvua za huko. Akawapa pole kwa kazi ya kukaa macho. Akawashukuru wazazi wao kwa kuwasomesha, akisisitiza wale wa kike. Akasifu ile rangi ya kijani. Nami nafasiri, sentensi kwa sentensi, sipunguzi, kama alivyoagiza. Ng'ambo wanatabasamu mpaka meno ya nyuma, kalamu inakimbia. Nikaona yule mwenzake wa kushoto anatazama saa.

"Mama," nikamnong'oneza, "sema jambo."

"Nasema. Mtu anaingia nyumbani kwa watu na kesi mkononi?"

Akawaombea afya. Akawaalika, siku wakifika Tanzania, waje wale viazi. Kisha akaweka sawa mtandio, akashusha pumzi. "Sasa, wanangu, lipo jambo dogo..."

Nikafungua mdomo kufasiri, na dada wa ng'ambo akawa keshaanza kusema. Alisema hajawahi kupokea maoni mazuri kiasi hiki, muda wao umekwisha, kikao kingine kinawangoja, asanteni, asanteni. "Subiri," nikasema kwa Kiingereza, "bado, bado kidogo." Wakanipungia mkono wote watatu. Kiooni tukabaki sisi wenyewe, tunajitazama, mama amesimama.

"Wamekwenda wapi?" akauliza.

"Wamemaliza."

"Mbona mimi sijaanza?"

Siku iliyofuata nikaletewa ujumbe. Waliguswa na maneno ya wakulima, hasa ya yule mama aliyesema mwisho. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pingamizi, kazi imehesabiwa kuwa imekubaliwa, na wamemkabidhi mnunuzi. Marekebisho yoyote kuanzia sasa yataingia awamu ya pili, mnunuzi akiiagiza.

Nikampigia mnunuzi. Akasema mambo ya programu ni ya timu, ongea nao. Nikaongea nao. Wakasema maagizo ni ya mnunuzi, aongee nao. Nikampigia tena mnunuzi, akaniuliza kwani kuna tatizo gani, mbona alionyeshwa maneno ya mama yangu na yalikuwa ya kusifu tupu? Nilipoandika mara nyingine, yule dada mpole hakuwepo. Alikuwa amehamishiwa kazi ya mteja mwingine. Kwenye nafasi yake alikaa kijana mchangamfu, akajitambulisha vizuri, akaniomba nimweleze jambo langu tangu mwanzo. Nikamweleza. Wiki ile ile wakambadilisha.

Nyumbani simu ilikuwa inaniamkia. Kila asubuhi: *Habari za asubuhi, mkulima hodari! Njegere zako zinaendeleaje?* Mama akiisikia inalia, anauliza kutoka jikoni, "Bwana shamba, umeamka?" Alikuwa bado anatania. Nilijua kabisa ataacha kutania siku ya mzani.

Siku hiyo ikafika. Mama alivuna na majirani, na mimi, kwa aibu tu, nikabeba viroba hadi kituo cha kukusanyia. Karani alikuwa ameacha daftari. Sasa anasoma kwenye simu. Akapima viroba vya mama, akainua kichwa, akaita jina langu.

Watu wakaangua kicheko. "Mwali kavuna!" akasema mmoja. "Onyesha mikono tuone sugu!" Nikaweka mikono mfukoni.

Mama hakucheka. Hakujifanya anafunga kiroba pia. "Rudia," akamwambia karani.

"Mama, ndivyo ilivyoandikwa. Mimi nasoma tu."

"Basi andika langu."

"Haikubali, mama. Nimeshajaribu, wallahi."

Mwenyekiti akasogea, kwa sauti ya kutuliza. "Shemeji, jina la mtoto si kama lako? Cha muhimu mzigo ufike."

"Ulikuwa unafika hata enzi za marehemu," mama akasema.

Mwenyekiti akanitazama mimi, kana kwamba nina jambo la kusema. Karani akanitazama. Mimi nikatazama simu ya karani, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa na uwezo pale. Mama akanionyesha viroba kwa kidole. "Nibebee."

Tulipanda bodaboda mbili, moja ya mama na moja ya mimi na njegere, tukashuka Lushoto mjini sokoni. Gari la mnunuzi lilitupita njiani likipanda. Sokoni siku hiyo njegere zilikuwa nyingi, na mchuuzi aliyezichukua alijua kwamba tumekwisha kuteremka nazo na hatuwezi kuzipandisha tena. Mama hakubishana naye sana. Akapokea alichopewa, akakunja viroba vitupu, akavikalia ukutani kungoja jua lipungue. Mimi nikasimama, maana sikuwa na cha kukalia.

Simu ikalia.

"Nani?"

"Wenzetu wa ng'ambo."

"Wanasemaje?"

Nikasoma. *Mkulima hodari, leo tulingojea njegere zako hazikufika. Tafadhali chagua sababu.*

"Waambie zimeuzwa na mwenyewe."

"Hilo hawakuliweka, mama."

"Wameweka yapi?"

"Hazijakomaa. Zimeharibika. Nimesahau."

Mama akayasikiliza yote matatu, akaniomba niyarudie, akayapima kama mtu anayechagua kanga dukani na hakuna inayompendeza. "Mimi sijasahau kitu," akasema mwishowe. "Na zilikomaa, kila mtu kaziona. Bonyeza ya kuharibika."

Nikabonyeza. Simu ikazungusha kiduara chake kwa muda mrefu, kisha ikaniletea pole kwa hasara, na chini yake maelezo marefu ya ugonjwa wa njegere na jinsi ya kupiga dawa. Nikataka kuizima.

"Soma," mama akasema. "Watu wamejisumbua kuandika."

Nikamsomea pale ukutani, wapita njia wakitutazama, hadi kwenye kipimo cha dawa kwa bomba moja la maji.