Ramani ya Chaki ya Verlyn Tofteland

Verlyn Tofteland hajui kukaa. Ukimpa kahawa ataimaliza amesimama, macho dirishani, anatafuta upepo unavuma kutoka wapi. Tangu mkewe Arlene afariki, misimu miwili ya baridi sasa, nyumba yake ya shambani imekuwa mahali pa kubadilishia soksi tu. Mchana kutwa yuko kwenye kiwanja chetu kidogo cha ndege, katikati ya mashamba ya soya ya Dakota Kusini, anaizunguka ndege yake ya viti vinne na kufuta visivyohitaji kufutwa.

Na ndege hiyo ilikuwa karibu kumponyoka. Mwezi wa Mei, kwenye uwanja mkubwa wa mjini, alivuka mstari wa manjano wa kusimamia akaingia njia ya kurukia bila ruhusa, ndege ya abiria ikiwa inakuja kutua. Rubani wa ndege ile akaipandisha tena na hakuna aliyeumia. Verlyn alikuwa ameinamia kishikwambi, anatazama kidege cha buluu, alama ya mahali alipo, kikitambaa juu ya ramani ya uwanja, wakati uwanja wenyewe uko nje ya kioo. Mamlaka ya anga ikampa nafasi moja: afundishwe upya, kisha mwalimu aende naye uwanja ule ule na kutia saini kwamba amefaa. Bila saini, leseni inakwenda. Ana miaka sabini na moja, haitarudi.

Mwalimu ni mimi, Karna Lindquist. Na Verlyn ndiye aliyenirusha angani mara ya kwanza, nikiwa na miaka tisa. Sikuipenda kazi hiyo hata kidogo.

Nilimwambia aisome ramani mpaka iingie kichwani. Akaichora kwa chaki kwenye sakafu ya banda lake: njia zote, herufi zake, na maduara ya mahali ambapo marubani hukosea. Wiki tatu, kila asubuhi, aliitembea kwa miguu huku akijisemesha kama yuko redioni. Wenzetu walikuja na vikombe vyao kumtania. Mmoja akajitia ni ndege ya mizigo, akadai apishwe. Verlyn akampisha kwa heshima zote.

Siku ya safari nilimuuliza kama ramani za kwenye kishikwambi ni mpya. Hubadilishwa kila baada ya siku ishirini na nane. Unabonyeza, zinashuka, basi. Akasema zimo kichwani, mguu mmoja tayari uko ndani ya ndege. Nikaiona tarehe imeandikwa kwa rangi nyekundu, yaani muda umepita. Nikanyamaza, nione atafanyaje. Zangu nilikuwa nimezipakua jana yake, nikakifunika kishikwambi changu mapajani.

Alitua vizuri. Angani Verlyn hana tatizo. Mnara wa kuongozea ndege ukamwambia afuate Delta, njia ya herufi D, na asimame kabla ya njia ya kurukia, naye akayarudia maneno bila kukosea, tukaondoka. Kisha goti lake likaanza kuchezacheza. Kwenye chaki yake Delta ilikata kushoto baada ya kituo cha zimamoto. Kituo tulikipita, na kushoto hapakuwa na Delta. Palikuwa na vizuizi na kibao chenye herufi nyingine. Nyuma yetu ndege kubwa ikasimama ikitumulika. Mguu wangu ulikuwa tayari juu ya breki za upande wangu, na moyoni nilikuwa namwombea na kumlaani kwa pamoja.

Kwa marubani wa kwetu, kusema redioni kwamba umepotea ukiwa chini, kwenye lami, ni kama kuvua suruali kanisani. Wote wanasikia, na kabla ya chakula cha mchana kaunti nzima inajua.

Verlyn aliinua macho kutoka kwenye kishikwambi, akatazama nje, akakanyaga breki.

"Mnara," alisema, "ramani yangu imepitwa na wakati na sijui nilipo. Nimesimama. Naomba mnielekeze hatua kwa hatua."

Kisha sauti ya mwanamke ikamjibu, "Umefanya vizuri kusimama. Baki hapo hapo."

Mita thelathini mbele ya pua yetu ulikuwepo mstari wa manjano, na ng'ambo yake ndege ya abiria ikatua, ikapita ikitikisa mabawa yetu.

"Miaka arobaini Arlene ndiye aliyekuwa anashika ramani," Verlyn alisema. "Kuuliza njia pia ilikuwa kazi yake."

Goti lake lilikuwa limetulia.

Baada ya kuegesha tuliingia ukumbi wa kupumzikia marubani, nikamkabidhi kishikwambi chake, nikamwambia abonyeze na angoje ramani zishuke zote. Mtandao wa pale ni wa kinyonga. Nikakiri kwamba ile tarehe nyekundu niliiona asubuhi.

"Nilijua," akasema. "Wewe binti ukinyamaza, lazima kuna jambo."

Sasa mbona hukuzipakua, nikamfokea. Akasema alikuwa na haraka. Nikamuuliza haraka ya kwenda wapi. Akavuta kiti, akaketi, akaanza kungoja. Nikachukua kalamu nitie saini.