Tulivyokwenda Kumtoa Gaspari kwenye Tanuri la Alumini

Miaka ile ya hamsini nilikuwa msichana wa kushona nguo hapa Uvira, na sikuwa na haja yoyote ya kwenda Usumbura, Bujumbura ya leo. Aliyenipeleka ni mama yangu. Kaka yangu Gaspari alikuwa ameajiriwa huko na kampuni ya alumini, ile ambayo sufuria zake zilikuwa zimejaa kila soko la pwani ya ziwa letu. Mtu mmoja aliyerudi kutoka huko akamwambia mama kwamba tanuri la kampuni lilikuwa limemchoma mfanyakazi mguu, na sasa anachechemea. Mama hakumsubiri amalize. Aliingia ndani kutafuta kikwembe chake kizuri.

“Minye naenda kumuleta,” alisema. “Ile moto haiko kazi ya mutoto yangu.”

“Na kama anakataa, mama?”

“Weye uliona lini Gaspari ananikatalia?”

Sikuwa nimeona, hilo ni kweli. Mama alikuwa mzaliwa wa Rurambo, milimani kwa wenye ng’ombe, na alituongoza sisi watoto kama anavyoongozwa ndama, kwa sauti tu, bila fimbo.

Alfajiri tulipanda kamio ya mizigo iliyobeba magunia ya ndagala, dagaa wakavu wa ziwani. Mama alipewa kiti cha mbele karibu na dereva, kwa sababu dereva alimwogopa. Mimi nilikaa juu ya magunia na nikanuka ndagala mpaka Jumatatu. Mapajani mama alipakata chupa ya maji ya baraka aliyoyachukua misheni usiku wa Pasaka. Alikuwa ameipigia hesabu zake: kama mtoto atalazimika kuukaribia moto hata mara moja zaidi, basi moto ule uwe umebarikiwa.

Pale Kavimvira kulikuwa na bariyeri. Askari alisoma ruhusa yetu ya safari polepole sana, kisha akauliza kilichomo kwenye chupa. Alipoambiwa, alivua kofia na kuinamisha kichwa. Mama alimpaka maji kwenye paji la uso, na bariyeri ikainuliwa upesi.

Baada ya daraja la Ruzizi bonde lilifunguka, mashamba ya pamba pande zote, na viboko wamelala kwenye matope kama watu waliokosa kazi. Dereva alipunguza mwendo ili nione. Mama hakuangalia viboko. Kwenye kioo cha pembeni niliona midomo yake ikisema rozari.

Mchana tulifika Usumbura, tukamkuta Gaspari kwenye chumba chake mtaa wa Buyenzi. Alikuwa amenenepa. Mama alikasirika kidogo, maana alikuwa amekuja kumwokoa mtu aliyekonda. Gaspari alitupikia maharage mwenyewe, na tulipokuwa tukila alituhadithia kampuni yake kama vile ni shamba la ukoo.

Ilianza na kibanda kimoja nyuma ya duka la Mgiriki, alisema. Baada ya vita Mgiriki huyo alikuwa akikusanya vyuma vyepesi vya magari yaliyokufa, anaviyeyusha na kumimina vijiko na vikombe. Vijiko vikapendwa. Kibanda kikawa vibanda, vibanda vikawa majengo marefu yenye paa la bati. Siku hizo alumini ilikuwa inafika ikiwa mikuo, vipande virefu kama matofali, kwa treni mpaka Kigoma na kwa meli mpaka bandari ya Usumbura. Sufuria zilikuwa zinapelekwa mpaka Bukavu na ndani kabisa ya Rwanda.

“Minye niko pale kwenye moto,” alisema. “Shefu amesema mwaka ujao ataniachia tanuri moja niisimamie. Mama, ile kazi naipenda.”

“Kesho nitaiona,” mama alijibu. “Kisha tunarudi batatu.”

Gaspari aliweka kijiko chini. Hakula tena, na mimi nilimhurumia.

Asubuhi ya Jumamosi tulikwenda. Siku hiyo jamaa za wafanyakazi waliruhusiwa kufika kununua sufuria zilizobonyea. Msimamizi wa tanuri, Mrundi mpole aitwaye Barnabe, alikubali kutuingiza. “Hapa tunaangalia na macho tu,” alituambia. “Mukono inabakia nyuma.”

Tuliona mashine zikibana mikuo mpaka ikawa mabati, mabati yakikatwa duara, na duara zikizungushwa mpaka zikawa na matumbo. Wanaume waligongomea mikono ya sufuria kwa misumari mifupi, na kelele zao zilinifanya nicheke. Mwisho tulifika kwenye tanuri. Nilitegemea moto mwekundu kama wa mhunzi. Nikaona kitu cheupe, kimetulia, kama maziwa kabla hayajachemka. Gaspari alichukua chombo cha mpini mrefu na kuanza kuondoa utando wa juu, taratibu, uso wake umetulia kama wa mtu anayesali. Sikuwahi kumwona kaka yangu mzuri namna ile.

Hapo ndipo mama alipotoa chupa kwenye kikwembe. Aliweka kidole gumba mdomoni mwa chupa, akapiga hatua mbele, akainua mkono arushe.

Gaspari aliacha chombo na kumkamata kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote. Akamvuta nyuma mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Mtoto kumkamata mama yake hivyo, mbele ya watu. Mashine ziliendelea kupiga kelele, lakini watu wote karibu nasi waliacha kazi. Mama alijiokotea kitambaa na kutoka nje. Nilijua kwamba tumeshampoteza Gaspari, ama kwa kampuni ama kwa mama, maana asingeweza tena kuwa wa wote wawili.

Nje, Barnabe hakumwomba msamaha wala hakumkemea. Alimwonyesha, kupitia mlangoni, mbao za paa juu ya tanuri. Zilikuwa na matone meupe yaliyogandia huko juu.

“Mama, ile iko alumini. Siku moja bantu baliweka vyuma vyenye mvua ndani. Maji ikiingia chini yake inageuka mvuke mara moja, na mvuke inarusha ile moto yote. Muntu mumoja wetu aliungua mguu siku ile, mupaka leo anachechemea. Tangu siku ile kila kitu tunakausha kwanza.”

Mama aliangalia paa muda mrefu. Halafu alimwangalia Gaspari, aliyesimama mlangoni.

“Kumbe ningetuua,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Na weye ulikuwa karibu kuliko minye.”

Gaspari alifunika uso kwa mikono. Alianza kulia tu, mtu mzima na ndevu zake.

Mama akafungua chupa tena. Akawaita wafanyakazi wa tanuri wote watoke, akawanyunyizia pale uani mmoja mmoja, naye kaka yangu alimwagiwa mengi mpaka shati likalowa. Mprotestanti mmoja alijipanga pamoja nao, na Mwislamu wa Buyenzi alikinga viganja. Kisha wote walisimama juani wamepanua mikono, na Barnabe akapita akishika kila shati. Hakuna aliyerudi ndani kabla hajakauka. Nilimpenda mama yangu sana saa ile.

Jumatatu tulirudi wawili. Njiani nilijifunza jambo ambalo sikulijua: hofu ya mama haiondolewi kwa kuambiwa kwamba hakuna hatari. Iliondoka alipoiona hatari yenyewe kwa macho, na akaona pia ni nani anayeizuia.

Uvira majirani walikuja kuuliza Gaspari yuko wapi. Wakaona kifundo cha mkono wa mama kimevimba na kuwa cheusi. Mmoja akauliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyemfanyia vile.

“Mutoto yangu,” mama alijibu, na akakunja mkono wa blauzi ili waone vizuri.